Vijana Wanaosaidiana Katika Hesabu



Mtu akishuka Moba-Port alfajiri, saa mitumbwi inaporudi na ndagala, ataona jambo ambalo watoto wetu wanalijua tangu udogo wao. Hakuna mtumbwi wa ndagala unaokwenda na mtu mmoja. Yuko anayetunza taa, wako wanaopiga makasia, wako wanaovuta wavu; na samaki wakiisha kufika pwani, wako akina mama wanaowaanika. Wala hakuna mvuvi anayeona haya kumwambia mwenzake, "Nishikie kamba hii, imenishinda."

Lakini tazama, watoto wa wavuvi hao hao wakiisha kuingia shuleni, wanaikuta desturi nyingine. Kila mmoja na daftari lake, kila mmoja na siri yake. Anayejua hufunika karatasi kwa mkono, jirani asione. Asiyejua hunyamaza, asichekwe. Na katika somo la hesabu, au matematika kama wanavyosema vijana, desturi hiyo ni kali kuliko katika masomo mengine yote. Maana watu wengi husadiki kwamba Mungu amewagawia wachache akili ya hesabu na kuwanyima wengine, na basi.

Leo nataka kuwaandikia habari za vijana wachache wa parokia yetu walioiacha desturi hiyo. Mimi mwenyewe ni mwalimu mzee wa shule ya msingi. Hesabu zao za juu sikuzisoma nilipokuwa kijana. Nimezisikia kwao, kwani kwa miaka miwili sasa baraza ya nyumba yangu, hapa Kirungu, ndiyo darasa lao, na mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi ndio ubao wao.

MTIHANI ULIO MBELE YAO

Wazazi wengi wanaujua Mtihani wa Serikali kwa jina tu, na kwa fedha wanazotozwa. Basi yafaa niueleze kidogo. Tangu mwaka 1967, mwanafunzi anayemaliza sekondari katika Kongo, awe Kinshasa, awe Lubumbashi, awe Kalemie au hapa Moba, hupimwa kwa mtihani mmoja wa taifa zima. Ili kupata diploma ya Serikali yampasa kufikia 50 kwa 100. Bila diploma hiyo mlango wa chuo kikuu haufunguki kwake.

Katika hesabu, mwanafunzi hupewa swali, na chini yake majibu kadhaa. Kazi yake ni kuchagua lililo kweli. Mtu akisikia hivyo husema, "Mbona ni rahisi? Jibu limekwisha kuandikwa." Sivyo. Wanaotunga maswali wanayajua makosa ya vijana, nao huyaandika makosa hayo kati ya majibu. Aliyekosea njiani analikuta jibu lake la uwongo limekaa pale linamngojea, naye hulichagua kwa furaha.

Tena kuna taabu ya vitabu. Mara nyingi kitabu ni kimoja, nacho ni cha mwalimu. Wanafunzi hunakili ubaoni. Na kuna taabu ya lugha. Mtoto wetu amejifunza kuhesabu nyumbani kwa Kiswahili au kwa Kitabwa, lakini hesabu za juu anazisikia kwa Kifaransa. Huandika neno vizuri kabisa katika daftari, hata alama za juu ya herufi hazipungui, wala hajui neno lile linataka nini. Hathubutu kuuliza mbele ya wenzake sitini.

Hapo ndipo baraza inapofaa kitu. Barazani vijana hutaja jina la jambo kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo litakavyoandikwa siku ya mtihani. Lakini maana yake huitafuta kwa Kiswahili. Nimeona mara nyingi, kijana ambaye kwa Kifaransa alikuwa bubu, kwa Kiswahili anabishana kama wakili.

NAMNA WANAVYOFANYA

Wana sheria moja ambayo hawaivunji. Kila mtu hupewa maswali matatu au manne kuyafanyia kazi nyumbani peke yake. Asiyejaribu hakubaliwi kuketi ubaoni siku hiyo. Huketi nyuma na kusikiliza. Hawamdai jibu zuri, wanamdai karatasi yenye alama za kazi. Mwanzoni niliona sheria hiyo ni kali mno. Baadaye nikaelewa: asiyekwenda ziwani hana haki ya kudai samaki, na zaidi ya hayo, asiyejaribu hajui hata mahali anapoumia. Atasaidiwaje?

Niwasimulie maswali matatu, wapate kuona kusaidiana kwao ni kwa namna gani. Asiyependa hesabu asiogope, avumilie kidogo.

Swali la kwanza lilikuwa hili. Mtu ana matete ya kutosha ua wa meta 40. Anataka kuzungushia bustani kando ya ziwa. Upande wa maji haujengi ua. Je, bustani iwe na vipimo gani ili eneo lake liwe kubwa kupita yote?

Mmoja aliuliza, "Na viboko je?" Wakacheka wote. Kisha kijana mmoja, mwepesi sana wa kujibu, akasema, "Ni mraba. Bustani ya mraba huwa kubwa kupita zote." Akagawa 40 kwa 3, akapata kila upande meta 13,33, na eneo karibu meta za mraba 177,78. Wengine wakaanza kuandika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani.

Binti mmoja hakuandika. Akasema kwa sauti ya chini, "Yaya, mimi nimejaribu pande mbili za meta 10, na upande mrefu wa meta 20. Nimepata 200." Kimya. Wakahesabu upya: 10 na 10 na 20 ni 40, matete yanatosha, 10 mara 20 ni 200. Kweli, 200 inapita 177,78.

Basi wakatafuta sababu. Mraba unashinda pale ambapo pande zote nne zinajengwa. Hapa upande mmoja ni bure, ziwa limeutoa zawadi. Kwa hiyo yafaa kuurefusha upande unaotazamana nao. Wakaandika: kila upande mfupi ni x, mrefu ni 40 toa 2x, na eneo ni 40x toa 2x². Kijana yule wa kwanza akatumia njia ya derive, yaani hesabu inayoonyesha kadiri ya kupanda na kushuka: 40 toa 4x, kileleni hakuna kupanda wala kushuka, kwa hiyo 40 toa 4x ni sifuri, na x ni 10. Binti naye akaonyesha njia nyingine bila derive. Alisema eneo lile lile laweza kuandikwa hivi: 200 toa mara mbili ya mraba wa (x toa 10). Kwa kuwa mraba wa namba hauwi chini ya sifuri kamwe, eneo haliwezi kupita 200, nalo linafika 200 pale tu x ilipo 10.

Kijana yule akaitazama njia hiyo kwa muda mrefu. Akasema, "Yako ni fupi kuliko yangu." Akaiandika katika daftari lake. Ndugu wasomaji, neno hilo si dogo. Aliyezoea kuwa wa kwanza amejifunza kwa binti aliyezoea kunyamaza, na mbele ya watu.

Swali la pili lilikuwa fupi: kipeuo cha pili cha (x jumlisha 6) ni sawa na x, x ni ngapi? Karibu wote walifanya vema: wakaondoa kipeuo kwa kuzidisha kila upande kwa wenyewe, wakapata x² toa x toa 6 ni sifuri, wakapata x ni 3 au x ni -2. Wakaandika majibu mawili. Mdogo wao mmoja, ambaye si hodari, lakini ana tabia ya kurudia kila kitu polepole kama mama anayehesabu fedha zake sokoni, akaweka -2 mahali pa x katika swali la mwanzo. Kipeuo cha 4 ni 2. Lakini x ni -2. Je, 2 ni sawa na -2? Hapana. Basi -2 ni mgeni aliyeingia njiani, pale walipozidisha kila upande kwa wenyewe. Maana 2 mara 2 na -2 mara -2 zote huleta 4, na tofauti yao inapotea. Jibu ni 3 tu.

Tangu siku ile wana desturi ya kumwambia anayemaliza hesabu, "Rudi mlangoni." Maana yake: lichukue jibu lako ulirudishe katika swali lenyewe, uone kama linakubaliwa pale. Mtu mwenye haraka halipendi neno hilo.

Swali la tatu ndilo lililonifundisha mimi zaidi. Walitakiwa kutafuta limiti ya (x² toa 9) kugawa kwa (x toa 3), x inapoikaribia 3. Kijana wa kwanza alieleza vizuri: ukiweka 3 unapata sifuri kugawa kwa sifuri, ambayo haina maana, basi vunja x² toa 9 kuwa (x toa 3) mara (x jumlisha 3), futa (x toa 3) juu na chini, inabaki x jumlisha 3, weka 3, jibu ni 6.

Msichana mdogo wa darasa la tano, aliyekuja kumsindikiza dada yake tu, akainua mkono. "Yaya, umesema 3 imekatazwa. Halafu umefuta, na ukaiweka 3 ile ile. Imeruhusiwa lini?"

Kijana akafungua kinywa, akakifunga. Alijua kufanya, hakujua kwa nini. Wenzake nao hawakujua. Hakumkemea yule mdogo, wala hakumwambia, "Ndivyo mwalimu alivyosema." Alisema, "Nipe hadi Jumapili." Jumapili akaja na karatasi. Alikuwa amehesabu: x ikiwa 2,9 unapata 5,9, ikiwa 2,99 unapata 5,99, ikiwa 3,01 unapata 6,01. Akaeleza, "Hatuiweki 3 ndani ya swali la kwanza, huko imekatazwa hata leo. Tunauliza tu, tukiikaribia 3 bila kuifikia, jibu linaelekea wapi? Kila mahali pasipo 3, swali la kwanza na x jumlisha 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo yanaelekea mahali pamoja. Nalo ni 6."

Wengi hudhani kwamba katika kikundi wenye nguvu hutoa, na wanyonge hupokea. Siku ile nani alipokea? Yule mdogo alitoa swali, na swali lake lilimfanya mkubwa aelewe jambo alilokuwa akilifanya kwa mazoea mwaka mzima.

KWINGINEKO DUNIANI

Nilipoona hayo nilimwuliza Padri kama yako mahali pengine. Akanipa habari mbili, nami nawapa ninyi.

Ya kwanza ni ya Hungaria. Mwaka 1894 mwalimu mmoja wa sekondari, Dániel Arany, alianzisha gazeti la hesabu kwa ajili ya wanafunzi, linaloitwa kwa kifupi KöMaL. Gazeti lilipiga chapa maswali. Wanafunzi wa miji na vijiji walipeleka majibu. Na majibu mazuri yalichapwa pamoja na majina ya wanafunzi wenyewe. Hivyo mtoto wa kijijini aliweza kusoma namna mtoto wa mji wa mbali alivyofikiri, na kesho yake yeye mwenyewe akasomwa. Gazeti hilo lipo hata leo, na wataalamu wengi wa nchi ile walianza humo.

Ya pili ni ya Marekani. Katika miaka ya 1970, mwalimu Uri Treisman katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley aliona kwamba wanafunzi weusi wengi walishindwa katika hesabu za mwaka wa kwanza, ingawa walikuwa hodari walikotoka. Aliwauliza wakubwa wa chuo sababu. Wengine walisema ni uvivu, wengine walisema ni umaskini, wengine walisema ni wazazi wasiojali. Yeye hakuridhika, akaenda kukaa na wanafunzi wenyewe na kuwatazama wakisoma. Akaona hawakuwa wavivu hata kidogo. Walisoma kwa bidii, lakini kila mtu chumbani mwake, peke yake. Wanafunzi wa asili ya Kichina, waliofaulu vizuri, walisoma kwanza peke yao, kisha wakakutana jioni, wakala pamoja, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Treisman akaanzisha vikundi. Wala hakuwapa maswali mepesi ya kuwahurumia. Aliwapa magumu, yanayowalazimisha kuzungumza. Waliojiunga wakafaulu kupita wenzao walioendelea peke yao.

Tazameni: kwanza peke yao, halafu pamoja, na maswali magumu, si mepesi. Vijana wa barazani kwangu hawakuwa wamesikia jina la Berkeley, lakini njia ni ile ile.

MATATA YALIYOKUWAKO

Msidhani mambo yote yalikwenda sawasawa. Nitataja matatu.

La kwanza lilikuwa saa. Yule binti wa bustani aliacha kuja. Nikamwendea mama yake. Akaniambia, "Mwalimu, sikukatai. Lakini ninyi mnamaliza saa mbili usiku, na njia ya kwetu ina giza. Akipatwa na neno, hesabu zitamrudishia nini?" Mama alisema kweli. Vijana wakaketi, wakabadili siku: Jumamosi mchana, na Jumapili baada ya Misa ya pili. Wavulana wawili walinung'unika kwa ajili ya mpira. Wakaambiwa mpira una siku nyingine. Binti akarudi, akaleta na wengine wawili.

La pili lilikuwa baba wa kijana yule wa kwanza. Alinijia kwa hasira kidogo. "Mwalimu, mimi nauza mihogo ili mwanangu asome. Siuzi mihogo ili afundishe watoto wa watu bure. Siku ya mtihani atakaa na nani? Peke yake!" Nilitaka kumjibu, lakini mwana akanitangulia, kwa heshima. "Baba, ni kweli nitakaa peke yangu. Lakini mtihani huu si mbio za watu mia na zawadi moja. Mwenzangu akipata 60, mimi sipunguziwi kitu. Na lile swali la limiti, nilidhani nalijua. Mdogo mmoja ndiye aliyenionyesha kwamba silijui. Je, ungependa nionyeshwe na nani, yeye au mtihani?" Baba akanyamaza. Mwisho akasema, "Mara mbili kwa juma, si zaidi. Na mihogo utalima." Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo, nami naona alihukumu kwa haki.

La tatu lilikuwa zito kuliko yote. Majuma machache kabla ya mtihani, mtu mmoja aliwajia vijana njiani akasema anaweza kuwaletea majibu kwa simu, kila mtu akitoa fedha kidogo. Walikuja barazani wamekasirikiana. Wengi walikataa, lakini mmoja alitaka. Alikuwa ameshindwa mwaka uliotangulia. Alisema maneno ambayo sijayasahau: "Ninyi mkishindwa, wazazi wenu watawalipia tena. Mimi sina baba. Mjomba amesema mwaka huu ni wa mwisho. Mnasema tusaidiane, basi nisaidieni leo."

Nani angemjibu kijana huyo kwa ukali? Shida yake ilikuwa ya kweli. Binti akamwambia, "Yaya, tukikununulia jibu, hatukukusaidia, tumekuacha pale pale ulipo, na karatasi mkononi. Mbele yako kuna mtu mwingine atakayekuuliza, na huko hatutakuwako." Mwingine akaongeza kwamba mtu yule akiwadanganya, fedha zimekwenda, na mtihani umekwenda pia.

Mimi niliongeza la Amri za Mungu, maana ndiyo kazi ya mzee. Amri ya saba inakataza kuiba, na ya nane inakataza kusema uwongo. Diploma iliyonunuliwa ni uwongo uliopigwa muhuri. Na uwongo huo haukai kabatini. Siku moja unapima dawa ya mgonjwa katika hospitali, au unapima chuma cha daraja, na watu wanapita juu yake.

Lakini maneno peke yake hayangetosha, na vijana walielewa hivyo kabla yangu. Fedha zile ambazo wangempa mtu yule walizikusanya, wakazipeleka kunakilisha karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, na kununua chaki. Kisha wakamwuliza mwenzao, "Unakwama wapi hasa?" Akasema: hesabu za kubahatisha na zile za mfuatano wa namba. Majuma matatu hawakugusa kitu kingine. Waliojua mambo hayo vizuri walikubali kuyarudia kwa ajili yake. Huko ndiko kumsaidia mtu asiye na baba.

Mtauliza, je, walifaulu? Walikuwa saba. Watano walipata diploma, na kijana yule alikuwa mmoja wao, kwa alama chache tu juu ya 50. Wawili hawakupata, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa na bidii kuliko wengi. Sitawaficha jambo hilo. Kusaidiana hakumtoi mtu katika kila shida, wala Mungu hakutuahidi hivyo. Lakini huyo mwenye bidii hakukaa nyumbani kwa aibu. Juma lililofuata alikuja barazani, na wenzake waliofaulu walikuwa wamemwachia madaftari yao yote. Mwaka huu yeye ndiye anayeongoza kikundi.

TUFANYE NINI SISI WENGINE

Nchi yetu haikuanza jana kupenda elimu. Mpala ilikwisha kuwa mikononi mwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na misioni ya Baudouinville, ambayo leo twaiita Kirungu, ilianzishwa mwaka 1893. Hapa hapa, mwaka 1917, Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii, alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya nyakati hizi. Alisoma Kilatini na filosofia mahali ambapo hakuna wa kwao aliyemtangulia. Wala hakuificha elimu yake. Aliandika juu ya mawazo ya watu wake, na aliwatumikia mpaka kufa kwake mwaka 1951. Mfano huo unatosha kutuonyesha kwamba elimu si mali ya kufukia ardhini kama yule mtumwa wa Injili aliyeificha talanta yake kwa hofu.

Basi nina maneno mafupi kwa kila mmoja.

Wazazi: mtoto akiomba ruhusa ya kwenda kusoma na wenzake, msimkatalie kabla ya kuuliza ni wapi, na saa ngapi, na nani mtu mzima aliyepo. Na binti zenu msiwaache nyuma kwa ajili ya giza. Ombeni saa ibadilishwe. Maji na kuni vinaweza kungoja saa moja ya Jumamosi.

Wanafunzi wenye nguvu: msidhani mnapoteza wakati. Jambo usiloweza kumweleza mdogo wako kwa Kiswahili chepesi, hujalijua bado.

Wanafunzi mnaokwama: kuuliza si ujinga. Lakini njooni na karatasi yenye kazi. Msiseme, "Nipe jibu." Semeni, "Nilifika hapa, nikakwama."

Walimu: najua mshahara wenu na madarasa yenu yaliyojaa. Kikundi hakiwanyang'anyi kazi, kinawapunguzia mzigo. Pitieni mara moja kwa mwezi, msahihishe yaliyopotoka.

Na sisi wa parokia: tumeanza jambo dogo, kwa mfano wa gazeti lile la Hungaria. Kila Jumapili vijana hubandika swali moja katika mlango wa ukumbi. Jumapili inayofuata hubandika jibu zuri lililoletwa, na jina la aliyelileta. Juma lililopita jibu lililetwa na mvulana wa Moba-Port ambaye hatukumjua. Alipanda mlima kwa miguu, karatasi imekunjwa mfukoni, ina harufu ya ndagala. Jibu lake lilikuwa sahihi, ila alisahau kurudi mlangoni. Vijana wakamwonyesha, akasahihisha pale pale kwa kalamu ya kuazima, na jina lake likabandikwa. Jumamosi ijayo atakuja na ndugu yake.

Tumsifu Yesu Kristu.